Mfanya usafi kwenye kambi ya kipindupindu anastahili kulipwa nini?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mfanya usafi hapa Kigoma mjini, nimeajiriwa na kampuni yenye zabuni ya usafi kwenye kituo cha afya. Kipindupindu kilipoingia vijiji vya ufukweni, sisi sita tulichukuliwa kwenda kuhudumia kambi ya wagonjwa. Tulifanya wiki tano, zamu ya usiku, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, siku sita kwa wiki. Wauguzi na madaktari walisaini posho ya mazingira hatarishi, sisi majina yetu hayakuwemo. Mwisho wa mwezi tulipata mshahara uleule. Msimamizi anasema mkataba wetu haujabadilika, na tukigoma tunavunja sheria kwa sababu afya ni huduma muhimu. Je, hii ni haki? Kuna chochote tunachoweza kudai?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa kazi.

Hapana, si haki. Na ndiyo, kipo cha kudai, tena huenda ni kikubwa kuliko hiyo posho iliyowapita. Msimamizi wenu amechanganya mambo mawili, saa mlizofanya na hatari mliyoibeba, kisha akayajibu yote kwa kauli moja kwamba mkataba haujabadilika. Mkataba haukubadilika, sawa. Kazi ndiyo iliyobadilika, na sheria inahesabu kazi iliyofanyika.

Nianze na saa, maana hapo ubishi ni mdogo. Ninyi mko kwenye kampuni binafsi, kwa hiyo mnaangukia moja kwa moja kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Saa za kawaida kwa sheria hiyo ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, na kila moja inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Hizo za ziada nazo zina ukomo, saa 50 katika kila wiki nne. Halafu kuna usiku. Sheria inauhesabu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa iliyofanywa ndani ya muda huo inaongezewa asilimia 5. Sikukuu ya kitaifa inalipwa mara mbili.

Sasa chukua kalamu. Hukunitajia mshahara wako, kwa hiyo nitatumia shilingi 195,000 kwa mwezi kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Sheria inaelekeza ugawanye mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha wa wiki ugawanye kwa 45 upate wa saa. Hapo 195,000 inatoka shilingi 1,000 kwa saa. Mlifanya saa 12 kila usiku kwa siku 6, yaani saa 72 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 27 za ziada. 27 mara 1,500 ni 40,500. Katika kila zamu, saa 10 zimeangukia ndani ya usiku wa kisheria, kwa hiyo ni saa 60 kwa wiki, na 60 mara shilingi 50 ni 3,000. Jumla ni 43,500 kwa wiki. Kwa wiki tano ni 217,500.

Umeona? Mtu wa mshahara wa 195,000 anadai zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima, na bado hatujagusa posho. Wala sijaingiza kwamba kwa saa ya ziada iliyofanywa usiku, ile asilimia 5 hupigwa juu ya 1,500, au sikukuu yoyote iliyoangukia katikati ya wiki hizo. Rudia hesabu hii kwa mshahara wako halisi. Kabla ya hapo hakikisha huo mshahara wenyewe haupo chini ya kima cha chini cha sekta yenu, kwa sababu amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi ilitangazwa kuanza Januari 2026, na kuna waajiri ambao bado wanalipa kwa viwango vya zamani.

Mwajiri akibanwa huwa ana hoja mbili. Ya kwanza ni mapumziko. Sheria inatoa dakika 60 za kupumzika kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na hizo hazilipwi kama kweli uliachiwa. Kama mlitoka nje ya uzio mkapumzika saa nzima, zipunguzeni kwenye hesabu. Kama mlikula mmesimama karibu na lango huku mkisubiri kuitwa, msipunguze hata dakika. Hoja ya pili ni dharura. Ni kweli sheria inalegeza ukomo wa saa za siku pale kazi ni ya dharura na haiwezi kumalizwa ndani ya saa za kawaida. Lakini kinacholegezwa ni ukomo. Wajibu wa kulipa saa za ziada unabaki palepale.

Kwenye posho njia ni nyembamba zaidi. Sheria ya Ajira haina kifungu kinachomlazimisha mwajiri binafsi kulipa posho ya mazingira hatarishi. Watumishi wa umma huipata kupitia miongozo na bajeti ya utumishi wao, au kupitia mfadhili aliyeleta fedha za mlipuko. Karatasi ile ya kusaini huandaliwa kwa kufuata orodha ya watumishi wa kituo, na ninyi kwenye orodha hiyo hamko. Katika vitabu vya kituo ninyi ni ankara ya mzabuni inayolipwa kila mwezi, kama ya umeme na maji. Sidhani kuna aliyekaa akaamua kuwanyima. Utaratibu wenyewe haukuwaona, na ndiyo maana unahitaji kurekebishwa kwa maandishi. Huruma ya mganga mmoja mwenye moyo mzuri haitatosha.

Na wasiowaona waingie kambini usiku mmoja tu. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Kitanda chake kimetobolewa katikati, chini ya tundu kuna ndoo, na ndoo nyingine ya matapishi iko upande wa kichwani. Daktari anaandika dripu, muuguzi anaiweka mshipani na kuihesabu. Zile ndoo mbili ni za kwako. Ndiwe unayezitoa zikiwa zimejaa, unazitia klorini ya asilimia 2, unasubiri ifanye kazi, unamwaga chooni, unasuuza, unarudisha mbio kabla mgonjwa hajaharisha tena. Ndiwe unayekoroga unga wa klorini kabla hakujapambazuka, macho yanawasha na kifua kinabana, ile kali ya ndoo na ile hafifu ya asilimia 0.05 ya kunawia mikono. Ukikosea kipimo cha mikono, kambi nzima, daktari akiwemo, inanawa maji matupu. Mtu akifariki saa tisa usiku, anayebaki kupulizia kitanda na sakafu ni wewe na bomba lako la mgongoni. Hii ni kazi ya kuzuia maambukizi kwa maana kamili, na inafanywa na mtu ambaye mkataba wake unasema "kufagia na kudeki".

Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kuelezwa mambo haya na mgeni. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji chenye ziwa mbele na mlima mkali nyuma, na kipindupindu kikaingia humo. Walikufa zaidi ya watu 30. Meli ya MV Liemba na maboti vilileta watu mjini, Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa kituo cha kupokelea, kisha safari ya mabasi kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kazi ile haikufanywa na madaktari peke yao. Vyoo vilichimbwa na watu, maji yalibebwa na watu. Na mwaka 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipozuka Kagera, mkoa ambao wilaya yetu ya Kakonko inapakana nao, miongoni mwa sita waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya.

Nimefika kwenye hilo la mgomo, ambalo limeniudhi kuliko yote uliyoandika. Msimamizi wako hakosei kisheria. Sheria ya mwaka 2004 inazitaja huduma za afya, na za maji na usafi wa mazingira, kuwa huduma muhimu, na waliomo humo hawaruhusiwi kugoma isipokuwa pale makubaliano ya pamoja yamepanga huduma za chini zitakazoendelea kutolewa. Nakubaliana na katazo hilo. Wodi ya kipindupindu ikikaa saa tatu bila mtu wa ndoo, watu wanakufa. Lakini tazama kinachofanyika. Likija suala la kugoma, mfanya usafi ni mtu wa huduma muhimu. Ikija karatasi ya posho, anakuwa mtu wa kampuni. Haiwezekani mtu mmoja awe muhimu asubuhi na asiwe muhimu jioni. Anayekuondolea uwezo wa kugoma ana deni la kukupa njia nyingine ya kusikilizwa, na sheria yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana mgogoro wa maslahi, yaani ubishi juu ya malipo au masharti mapya, kwa walio kwenye huduma muhimu unaweza kupelekwa kwenye uamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi baada ya usuluhishi kushindikana. Msimamizi alisoma nusu ya ukurasa akaishia hapo.

Deni hilo lisipolipwa matokeo yake yanajulikana. Novemba 2014, katikati ya Ebola, wazikaji wa mji wa Kenema nchini Sierra Leone ambao hawakuwa wamelipwa posho yao ya hatari waligoma na kuacha maiti hadharani, nyingine mlangoni mwa hospitali. Walilaaniwa. Mimi nawaona kama watu waliotumwa kufanya kazi mbaya kuliko zote katika mji ule, wakaahidiwa fedha, fedha zikakwama njiani. Baadaye nchi hiyohiyo ilipoweka malipo ya watu wa Ebola kwenye simu, muda wa kusubiri ulishuka kutoka wastani wa zaidi ya mwezi mmoja hadi kama wiki moja. Fedha zilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni orodha safi ya majina na njia ya kuzifikisha mkononi.

Ghana nayo inatufundisha kitu. Aprili 2020, kwenye UVIKO-19, Rais Akufo-Addo alitangaza nyongeza ya asilimia 50 ya mshahara wa msingi kwa watumishi wa afya walio mstari wa mbele, na msamaha wa kodi ya mapato wa miezi mitatu kwa watumishi wote wa afya. Ulikuwa uamuzi wa kiungwana na wa haraka. Ubishi ulioufuata ulikuwa ni nani hasa yuko mstari wa mbele, kwa sababu tangazo lilitangulia orodha.

Na mimi nina ubishi wangu mwingine, wa hiyo asilimia. Chukua daktari wa 1,500,000 na wewe wa 195,000, wote kwenye kambi moja. Asilimia 50 inampa yeye 750,000 na wewe 97,500. Elimu yake na dhamana yake vimeshalipwa ndani ya mshahara, na ni haki yake. Posho ya hatari inalipia kitu kingine, yaani uwezekano wa kuugua na kupeleka ugonjwa nyumbani kwa watoto, na uwezekano huo haumchagui mtu kwa cheti. Ndiyo maana ningeweka kiasi kimoja cha shilingi kwa kila zamu iliyofanywa ndani ya uzio, kwa yeyote aliyeingia: daktari, muuguzi, mfanya usafi, mlinzi wa lango, mpishi anayechukua vyombo, dereva wa kubeba wagonjwa. Daftari la mahudhurio liwe langoni, mtu asaini anapoingia na anapotoka, na daftari hilo ndilo liwe karatasi ya malipo. Alipwe kila wiki, kwa simu. Najua madaktari wengine hawatafurahi kusoma hili. Naomba walitafakari wakikumbuka usiku waliokosa mtu wa kutoa ndoo.

Kigoma wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba Ujiji na Kibirizi wakigawa vidonge vya kutibu maji, wengi kwa posho ya vocha ya simu tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba wahudumu hawa walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa na mafunzo yao. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 ulilenga kuwafikisha zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hilo lina mjadala wake, siku nyingine. Nimelitaja ujue hampo peke yenu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2023, iliyotazama nchi 90, ilikuta wafanyakazi wa huduma muhimu, kwa maana pana kuliko ya sheria yetu, ni asilimia 52 ya wafanyakazi wote, na walioajiriwa miongoni mwao wanalipwa kwa wastani asilimia 26 pungufu ya waajiriwa wengine.

Kuna jambo hukuliuliza lakini nisingependa likupite. Kama mmoja wenu aliharisha au kuumia wakati ule, au klorini imemwachia kifua kisichopona, hilo ni suala la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake, na mfanyakazi haruhusiwi kukatwa hata senti kwa ajili yake. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au tangu ugonjwa ugundulike, na karatasi ya hospitali ioneshe uhusiano wa ugonjwa na kazi. Vifaa kinga navyo, buti, glovu nene, aproni na miwani, ni wajibu wa mwajiri kuvitoa bure. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kila miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Nalisisitiza hili la likizo kwa sababu mfanya usafi anayejua atakatwa siku akibaki nyumbani huja kazini akiwa anaharisha, na hapo kambi inaanza kusambaza ugonjwa uleule ilioletewa uutibu.

Sasa mfanye nini. Kaeni wote sita, kila mmoja aandike tarehe na saa za zamu zake akiwa bado anakumbuka. Tafuteni ushahidi mwepesi: picha ya ratiba iliyobandikwa ukutani, ujumbe wa simu wa msimamizi akiwaita, jina la muuguzi aliyekuwa zamu nanyi na yuko tayari kusema. Andikeni barua moja kwa kampuni, yenye majina na sahihi zote, mkidai saa za ziada na za usiku kwa hesabu niliyokuonyesha. Posho msiichanganye humo. Ya posho iandikieni barua ya pili, kwa mganga mfawidhi wa kituo, nakala kwa kampuni, mkiomba mambo mawili: muingizwe kwenye malipo ya mlipuko huu kama fedha bado zipo, na zabuni ijayo iwe na kipengele kinachotaja bei ya zamu ya mlipuko na kiasi kinachopaswa kumfikia mfanyakazi mwenyewe. Ombi hilo la pili ndilo ninalolitumainia zaidi. Kampuni hulipa kile ilichoweka kwenye bei, na zabuni inayosema "usafi wa kawaida" haitaleta mshahara wa kipindupindu hata meneja angekuwa malaika.

Nendeni pia kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi. TUGHE ni cha serikali na afya, TUICO kinachukua makampuni ya huduma. Kujiunga ni haki yenu, na mwajiri akimfukuza mtu kwa sababu ya kujiunga au kudai haki yake, hiyo ni kuachishwa isivyo halali. Shauri la namna hiyo lina siku 30 tu za kulifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Dai la malipo lina siku 60, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu mwajiri anawaambia subirini, tunaongea na makao makuu, na siku zinakwenda. Kwa usalama anza kuzihesabu tangu siku ule mshahara wa kwanza ulipoingia bila saa za ziada. Ipeni kampuni siku 14 za kujibu barua. Zikipita kimya, nendeni kwa Afisa Kazi hapahapa mjini, na siku hiyohiyo mjaze Fomu Namba 1 ya Tume. Haina ada wala haihitaji wakili. Kwenye sehemu ya maelezo ya madai bandikeni ile hesabu, jina kwa jina, wiki kwa wiki.